Denis Burkitt: munganga wa jicho moja aliyeifuata kansa ya watoto kwa ramani

Denis Burkitt alikuwa na jicho moja tu. Lakini ni yeye aliyeona kile ambacho waganga wengi wenye macho mawili walikuwa wanakipita kila siku katika hospitali za Afrika: ya kwamba uvimbe wa taya, uvimbe wa tumbo na uvimbe wa figo kwa watoto ulikuwa ugonjwa mmoja. Leo kansa ile inabeba jina lake, inaitwa limfoma ya Burkitt. Na kupitia ile kazi yake, bila yeye mwenyewe kuitazamia, wataalamu walikuja kuelewa namna jeni nzima, isiyo na kasoro, inavyoweza kuua mtoto kwa muda mfupi, sababu tu imehamishwa fasi isiyo yake.

Historia yake inawagusa wakaaji wa Butembo, Beni na Lubero. Kazi yake kubwa aliifanya ng'ambo tu ya mlima Ruwenzori, huko Uganda. Tena, ile sheria ya milima na mabonde aliyoigundua inaangukia sawasawa kwenye udongo wa huku, tangu baridi ya Lubero mpaka joto la Semuliki.

Mtoto wa mpima barabara

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika muji mdogo wa Enniskillen, Ireland. Baba yake, James, alikuwa injinia wa serikali wa barabara na madaraja. Akimaliza kazi, mzee huyo alikuwa na mchezo wake: kukamata ndege wadogo katika bustani, kuwavika pete miguuni, kisha kuwaachilia na kuchora ramani ya fasi kila ndege anakoishi. Watu waliona ni mchezo wa mzee tu. Lakini mtoto alikua akijua ya kwamba ramani inaweza kusema jambo ambalo jicho halilioni.

Akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto wenzake lilimpiga usoni, akapoteza jicho la kuume.

Mwaka wa 1929 aliingia chuo kikuu cha Trinity, muji wa Dublin, kusomea uinjinia kama baba yake. Haukupita muda, akageuza njia na kuchagua utabibu. Alimaliza mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akawa munganga wa upasuaji. Alipoomba kazi Afrika katika utumishi wa makoloni ya Uingereza, walimkatalia sababu ya lile jicho. Ni Vita Kuu ya Pili iliyomfungulia mlango. Aliingia jeshini kama munganga, akatumwa Kenya na Somalia, na wakati wa mapumziko akafika Uganda. Nchi ile ikamshika moyo. Mwaka wa 1943 alioana na Olive Rogers, na vita ilipokwisha akaomba kazi tena. Safari hii walimkubali.

Lira, kisha Mulago

Mwaka wa 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko alipasua wanaume wengi wenye ugonjwa wa mabusha. Munganga mwingine angepasua na kunyamaza. Yeye aliuliza kila mgonjwa anatoka kijiji gani. Kidogo kidogo akaona ya kwamba upande mmoja wa wilaya ulikuwa na wagonjwa wengi kupita upande mwingine. Watu ni wale wale, chakula ni kile kile, kumbe fasi njo ilikuwa inaleta tofauti. Baadaye ilijulikana ya kwamba ugonjwa ule unaletwa na minyoo inayobebwa na mbu.

Mwaka wa 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, muji wa Kampala. Kazi ilikuwa nyingi na waganga wa upasuaji walihesabika kwa vidole. Miaka ikapita hivyo, visu na bendeji, mpaka mwaka wa 1957.

Watoto wawili

Mwaka ule, munganga mwenzake Hugh Trowell alimwita aangalie mtoto mwanaume wa miaka kama 5. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote, taya ya juu na ya chini, kuume na kushoto. Meno yalikuwa yanalegea. Kama ingekuwa usaha, ungekaa upande mmoja. Kama ingekuwa kansa ya kawaida, ingeanzia fasi moja. Hii ilikuwa kwenye pembe zote nne za mdomo kwa mara moja. Burkitt alipiga picha, akabaki na maswali.

Majuma machache kisha, alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja. Akiwa ndani, alitupa jicho dirishani, akaona mama ameketi kwenye majani na mtoto wake mwanamke, uso umevimba namna ile ile. Alitoka nje mbio. Alipompima, akakuta tena uvimbe ndani ya tumbo.

Hapo akili yake ikaamka. Mtoto mmoja ni ajabu. Watoto wawili ni swali. Aliporudi Mulago alifungua madaftari ya zamani, akapata wengine wengi. Walikuwa wameandikwa kila mmoja kwa jina lake: huyu kansa ya taya, huyu ya figo, huyu ya mfuko wa mayai, huyu ya ini. Waganga wa maabara ya Kampala, wakiongozwa na Jack Davies, pamoja na Gregory O'Conor, waliangalia vipande kwa darubini. Ilikuwa ni kansa moja ya seli za damu nyeupe, na peke yake ilifanya kama nusu ya kansa zote za watoto zilizoonekana pale. Burkitt aliiandika mara ya kwanza katika jarida la waganga wa upasuaji wa Uingereza mwaka wa 1958. Watu wachache sana walisoma.

Haki isemwe: hakuwa wa kwanza kuiona. Munganga mmisionari Albert Cook, wa hospitali ya Mengo, alikuwa ameandika juu ya mtoto mwenye uvimbe wa namna hiyo miaka mingi mbele yake. Wazazi nao, vijijini, walikuwa wanaujua ugonjwa huo tangu zamani, kwa machozi. Burkitt aliongeza jambo moja: alikataa kuendelea kuita ugonjwa mmoja kwa majina kumi.

Gari la zamani na hospitali 57

Upasuaji haukusaidia. Burkitt alikata taya za watoto, aliharibu nyuso zao, na watoto walikufa tu. Kukubali kwamba kisu chake hakiponyeshi ni jambo gumu kwa munganga wa upasuaji. Yeye alikubali, akageuka kutafuta kinachouleta huo ugonjwa.

Alianza na msaada wa pauni 25 tu. Alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misioni Afrika nzima, akiuliza swali moja: uvimbe huu mnauona huko? Kila jibu lilipofika, alichomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zikafanya mkanda mpana katikati ya Afrika. Lakini ndani ya ule mkanda kulikuwa na mashimo, fasi ambazo ugonjwa haukuonekana kabisa. Kwa nini?

Mwezi wa 10 mwaka wa 1961, alinunua gari la Ford la mwaka wa 1954 kwa pauni 250. Akaondoka Kampala na waganga wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alitumika Kuluva, karibu na Arua, jirani kabisa na Aru ya Ituri, na alikuwa anajua kutengeneza gari. Walikwenda Kenya, Tanganyika, Malawi, Msumbiji, Zambia na Zimbabwe ya leo, mpaka Afrika ya Kusini. Majuma 10, hospitali 57, karibu kilomita 16,000. Kila hospitali walionyesha zile picha na kuuliza.

Jibu lilikuwa kwenye milima. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikoma kwenye urefu wa mita kama 1500. Walipoendelea kusini, fasi ambazo baridi ni kali zaidi, ulikoma chini zaidi, mpaka ukabaki karibu na pwani tu. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alimsaidia kusoma ramani vizuri: jambo lenyewe halikuwa urefu, lilikuwa joto na mvua. Fasi zenye baridi au ukame hazikuwa na ugonjwa. Na joto pamoja na mvua, kila mtu anajua vinaleta nini. Mbu.

Kwa mkaaji wa huku, hesabu ni rahisi. Lubero na Butembo ziko juu ya ule mstari wa mita 1500. Beni, Kasindi na bonde la Semuliki ziko chini yake. Na jambo moja zaidi lilionekana Uganda: watu waliozaliwa milimani na kushukia mabondeni waliweza kupata kansa hii wakiwa na umri mkubwa kupita watoto wa bondeni. Mtoto wa mlimani hana damu tofauti. Amekingwa na baridi, na kinga hiyo anaiacha nyuma siku ile wazazi wanashuka kutafuta shamba la kakao, au kukimbia vita.

Virusi kwenye ndege iliyochelewa

Mwezi wa 3 mwaka wa 1961, mbele ya safari ile, Burkitt alikuwa ametoa masomo katika hospitali ya Middlesex, London. Kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, aliona tangazo ukutani, akaingia kusikiliza. Alitoka akiwa na wazo: kama hali ya hewa inaongoza ugonjwa, pengine kuna kirusi. Wakapatana. Burkitt akawa anatuma vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Entebbe.

Kwa muda mrefu haikutoka kitu. Mwezi wa 12 mwaka wa 1963, ukungu uliziba London na ndege ikatua Manchester. Mzigo ulifika umechelewa, maji ya chupa yamechafuka. Ilionekana imeoza. Epstein hakutupa, aliweka chini ya darubini. Kumbe uchafu ule ulikuwa seli za kansa zilizo hai, zimetikisika njiani na kuachana. Akaziotesha, na mwaka wa 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi kipya. Kinaitwa mpaka leo kirusi cha Epstein na Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kinachohusika na kansa ya mwanadamu.

Lakini Burkitt alikosea kwenye jambo moja. Alifikiri mbu ndiye anabeba kirusi hicho. Hapana. Kinapita kwa mate, na karibu kila mtoto wa Afrika ya kati anakipata akiwa bado mdogo, milimani na bondeni. Mbu alikuwa na kazi nyingine: kuleta malaria kila mara, mwaka mzima. Zanzibar na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, kansa hii ilikuwa adimu kuliko pwani ya bara ng'ambo yao. Katika miaka ya 1970, damu ya watoto 42,000 ilipimwa huko West Nile, upande wa Arua, na ikathibitika ya kwamba waliokuja kuugua walikuwa na alama nyingi za kirusi hicho muda mrefu mbele ya uvimbe kutokea.

Jeni iliyofungwa gazi

Bado swali lilibaki. Kama karibu watoto wote wana kirusi, na watoto wa bondeni wote wana malaria, kwa nini anaugua huyu na si yule?

Jibu lilipatikana ndani ya seli. Kila seli ina kromosomu 46, na juu yake kuna jeni, ndizo amri za kazi zote za mwili. Lakini seli haifungui amri zote kwa mara moja. Kila jeni ina kitu cha kuiwasha na kuizima. Mwaka wa 1972 wataalamu waliona kasoro kwenye kromosomu ya 14 katika seli za ugonjwa wa Burkitt. Mwaka wa 1976 ikaonekana ya kwamba kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kuhamia kwenye ile ya 14. Na mwaka wa 1982 watafiti wa Marekani walitambua jeni iliyohama: inaitwa MYC.

MYC ni kama gazi ya pikipiki. Seli ikitaka kugawanyika, gazi inafunguliwa. Ikimaliza, inafungwa. Sasa, pale kwenye kromosomu ya 14 ilipoangukia, kuna jeni ya kutengeneza silaha za kinga ya mwili. Katika seli hizo za damu, ile haizimwi kamwe, usiku na mchana inatumika. MYC ikaja kukaa karibu na kiwashio cha jirani huyo. Jeni yenyewe haikuvunjika. Imefungiwa tu gazi, na pikipiki inateremka mlima bila breki. Tena MYC ni jeni inayoamuru jeni nyingine nyingi sana, basi zote zinamfuata. Ndiyo sababu uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa siku moja hivi, na kufika tumboni, kwenye figo, mpaka kwenye uti wa mgongo.

Malaria inaingiaje? Kila mara mtoto anaugua malaria, zile seli za kinga zinaongezeka mbiombio na kuzikatakata jeni zao wenyewe ili zitengeneze silaha mpya. Mikato ikiwa mingi, siku moja mkato unaangukia fasi mbaya. Kirusi kwa upande wake kinaisaidia seli iliyoharibika isife. Hivi, mambo matatu yanakutana ndani ya mtoto mmoja.

Somo hilo halikuishia kwenye taya. Katika kansa moja ya tezi ya shingo, wataalamu walikuta jambo la namna hiyo: jeni inayoitwa RET, ambayo kwa kawaida imelala katika seli za tezi, inakatika na kuungwa kwenye jeni nyingine iliyo macho siku zote. Walikuta hivyo kwa watoto wengi walioipata kansa hiyo baada ya ajali ya nguvu za atomiki ya Chernobyl mwaka wa 1986. Uvimbe wa shingo unaoletwa na chumvi isiyo na madini ya joto ni kitu kingine, si kansa.

Dawa kidogo, watoto wazima

Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt alipata dawa za kansa kutoka kwa watafiti wa New York, nyingine zikiwa bado mpya kabisa, akaanza kuzitumia. Hakuwa na fasi ya kulaza watoto muda mrefu, na wazazi walikuwa na mashamba ya kurudia, basi alitoa dozi ndogo. Mwenyewe alishangaa. Uso uliovimba ulirudi hali yake kwa siku chache tu, na watoto wengine waliendelea kuishi wazima kwa miaka. Huko Nairobi, munganga Peter Clifford aliona vilevile. Ugonjwa unaokimbia sana ndio ulikuwa unasikia dawa sana, sababu dawa inakamata seli wakati wa kugawanyika.

Mwaka wa 1967 kituo cha kutunza kansa hii kilifunguliwa Mulago, chini ya John Ziegler. Wakati wa Idi Amin, wageni walipoondoka, munganga wa Uganda Charles Olweny alichukua uongozi, kituo hakikufa. Leo njo Taasisi ya Kansa ya Uganda.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda katikati ya miaka ya 1960. Uingereza alipata jina jingine, kwa kufundisha wazungu ya kwamba ugali, maharage na mboga za Waafrika vinalinda matumbo kuliko mkate wao mweupe. Alipewa tuzo kubwa, lakini aliendelea kujiita munganga wa porini tu. Alikufa tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Kinachobaki

Katika nchi zenye hospitali kamili, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye kansa hii wanapona. Huku mashariki mwa Congo, mambo ni mengine. Meno ya mtoto yanalegea, wanamng'oa. Taya linavimba, wanasema ni usaha, au ni jirani mwenye roho mbaya. Majuma yanapita. Kisha ni barabara mbovu, vita, pesa ya kuvuka Kasindi kwenda Kampala. Na kwa ugonjwa unaoongezeka mara mbili kwa siku, juma moja ni kitu kikubwa sana.

Mtoto ambaye uso au tumbo lake linavimba kwa siku chache, bila joto la mwili wala jeraha, apelekwe hospitali wiki ile ile, wakate kipande kidogo na kukipima. Musitikeri ifungwe kila usiku, zaidi kwa wale walioshuka kutoka milimani.

Kansa ile haibebi jina la yule mtoto wa Mulago wala la yule wa Jinja. Jina lililobaki ni la munganga. Lakini yeye asingejua kitu kama mama mmoja hangeketi kwenye majani ya hospitali ya Jinja akisubiri mtoto wake aangaliwe.